Panya C57BL/6 kwa West Nile na Zika: anafaa wapi, anakwama wapi

C57BL/6 ni aina ya panya wa maabara. Kwa anayetafiti kirusi cha West Nile, panya huyu mweusi ni chaguo la uhakika. Kwa kirusi cha Zika, ukimwagiza alivyo, umetupa fedha.

Tuanze na West Nile, kirusi kilichotambuliwa Uganda mwaka 1937. C57BL/6, kama panya wengi wa maabara, ana jeni ya Oas1b, ya kujikinga na virusi vya aina hii, iliyokatika, ndiyo maana kirusi kinamwelemea. Chukua wa wiki 8 hadi 12, uwadunge vipimo 100 vya kirusi hai (PFU, yaani chembe zinazoweza kuambukiza) katika mikrolita 50, chini ya ngozi ya wayo wa mguu wa nyuma. Mwanzoni kirusi huwa kwenye damu na wengu. Kuanzia siku ya 4 au 5 hufika kwenye ubongo na uti wa mgongo. Karibu siku ya 7 uzito unashuka, manyoya yanasimama, mgongo unapinda, na baadhi huburuta miguu ya nyuma. Vifo vingi huangukia siku ya 8 hadi 12. Wengine hupona, na hapo ndipo tunapomthamini zaidi: madhara yanayobaki kwenye kumbukumbu baada ya ugonjwa kuisha yanaweza kuchunguzwa.

Usichanganye umri. Panya wachanga hufa kwa wingi zaidi, na kundi mchanganyiko halikupi jibu lolote. Kabla ya kutoa ubongo, pitisha mililita 20 za maji ya chumvi baridi kwenye ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto ya moyo, atria (chumba cha juu) ya kulia ikiwa imekatwa, mpaka ini lipauke. Ukiiruka hatua hii, kirusi kilichomo kwenye damu kitahesabika kuwa cha ubongo, hasa kwenye sampuli za siku za mwanzo. Aliyepooza hawezi kufikia chakula kilicho kwenye kifuniko cha kizimba. Loweka chakula na ukiweke sakafuni, la sivyo utapima njaa badala ya ugonjwa.

Zika ni habari nyingine. Protini yake ya NS5 huvunja STAT2 ya binadamu, protini inayopokeza ujumbe wa interferoni (kemikali ya mwili ya kupambana na virusi), na kuuzima ujumbe huo, lakini NS5 haiwezi kuivunja STAT2 ya panya. Panya mzima hukidhibiti kirusi bila hata kuugua. Agiza basi asiye na jeni ya Ifnar1, ya kipokezi cha interferoni, au mdunge wa kawaida antibodi ya MAR1-5A3 inayoziba kipokezi hicho, miligramu 2 tumboni, siku moja kabla ya kirusi. Asiye na Ifnar1 hupooza na kufa, hivyo anafaa kujaribia dawa. Kwa maswali ya kinga hatumpendekezi kabisa, maana nguzo mojawapo ya kinga yenyewe imeng'olewa.

Kwenye oda andika wazi 6J au 6N, koo mbili za C57BL/6. 6N ana mabadiliko ya rd8 kwenye jeni ya Crb1 yanayoharibu retina (utando wa nyuma ya jicho), na anayechunguza Zika machoni atakisingizia kirusi madoa ambayo panya alizaliwa na chanzo chake.