Ufito wa namba 5 kwa greilingi wa Mto Chena: uzoefu wangu

Kiangazi hiki nimevulia greilingi wa Aktiki, samaki wa maji baridi wa jamii ya salmoni, katika Mto Chena, mashariki ya Fairbanks, Alaska, kwa ufito wa namba 5 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa; kadiri ilivyo ndogo ndivyo ufito ulivyo mwepesi) wenye urefu wa futi 9, uliouzwa pamoja na kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi unaoelea na kijisanduku cha nzi bandia, yaani ndoano zilizofungwa nyuzi na manyoya ili zifanane na wadudu. Seti hiyo naipendekeza, isipokuwa kijisanduku.

Ufito wenyewe sina ugomvi nao. Maji ya Chena, mvua isiponyesha, huwa maangavu hata changarawe za chini zikaonekana, na ufito mzito huutua mshipi kwa kishindo kinachowatawanya samaki kabla hawajaona chambo. Huu hutua kwa upole na bado humudu upepo wa kadiri. Mwenye namba 4 asihangaike kununua mwingine.

Nzi za kwenye seti ndizo zilizonikera. Nyuzi zake zilifumuka mapema, na nyingi zilikuwa kubwa mno kwa samaki mwenye kinywa kidogo namna ile, ambaye alizigonga kwa pua na kuziacha. Nilinunua Adams na Elk Hair Caddis, aina mbili za nzi zinazoelea, za namba 14 na 16 (kwa nzi, namba ikiwa kubwa nzi huwa ndogo), na mambo yakabadilika. Greilingi hula wadudu wengi juu ya maji na si mchaguzi sana; anachokikataa ni nzi inayoburutwa na mshipi. Itupe upande wa juu wa mkondo, legeza mshipi, iache ielee kwa mwendo wa maji, na mara uionapo inachora mstari nyuma yake, inua utupe upya. Wakubwa hushika nafasi pale mkondo unapoingia kwenye kina, wadogo wakabaki nyuma yao.

Upepo ukizidi, natumia kijiko kidogo kinachozunguka, yaani chambo bandia cha chuma, cha chapa ya Mepps namba 0, nikiwa nimeiondoa ndoano yake ya pembe tatu na kuweka ya pembe moja. Greilingi wa Chena hurudishwa majini kwa mujibu wa kanuni, kwa hiyo kijino cha ndoano nakibana kwa koleo, nalowesha mikono, na kumfungua samaki akiwa bado majini. Hapo ndipo pezi la mgongoni linapofunguka kama tanga, na madoa yake ya samawati na zambarau huonekana vizuri kuliko akiwa nje.

Wavu wa kichwani wa kuzuia mbu haumo katika seti, nao Alaska ni wa lazima kuliko kigurudumu. Duka likikubali kuuza ufito na mshipi bila kijisanduku, chukua hivyo, na fedha itakayobaki inunulie nzi ndogo zilizofungwa barabara.