Kukodi Land Cruiser mkonga hadi Shimo la Mungu, Newala: uzoefu wangu

Ukitoka Mtwara mjini na unataka kufika Shimo la Mungu, ule ukingo mkali wa uwanda wa Makonde, kisha ushuke kwa gari upande wa bonde la Ruvuma, kodi gari pamoja na dereva anayeijua Newala. Nawaambia hata mnaojiamini kwenye usukani. Sisi tulichukua Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele), gari imara kweli, lakini aliyestahili ile pesa ni dereva.

Kilomita 50 za kwanza, mpaka Mnivata, ni lami. Mbele yake tulikula vumbi la ujenzi mpaka basi.

Newala imekaa juu ya uwanda wa Makonde, na ukingo wa uwanda unakatika ghafla. Ukisimama pale bonde lote liko chini yako, Mto Ruvuma unauona, na ng'ambo ni Msumbiji. Ni pazuri sana, sijui kwa nini watu wa kusini wenyewe hatupatembelei.

Njia za pembeni huko juu ni mchanga mzito unaopita katikati ya mikorosho. Dereva wetu, mtu mzima tuliyemwita Mjomba, alisimama kabla hatujauingia. Akashuka na kipimo, akapunguza upepo wa tairi zote nne kutoka PSI 35 hadi 20. Tairi iliyolegea inatandaza uzito, haichimbi. Wengi wakikwama huzidisha mafuta, tairi zinajizika na gari linakalia tumbo. Sisi hatukusukuma hata mara moja.

Kwenye mteremko aliweka fowili nzito (4L, magurudumu yote manne yanavuta kwa gia za chini), gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, injini yenyewe ikalishika gari. Ukishuka kule kwa kutegemea breki tu zinapata moto, zinanuka, halafu hazishiki.

Katikati ya mteremko tukakuta mtaro umeikata njia. Mdogo wangu akauliza, "Mjomba, si tupite pale kwenye nyasi?"

"Hapana, mjomba. Tukipita sisi leo, kesho atapita mwingine. Mvua ikija, pale panakuwa korongo."

Akachukua koleo, akajaza mawe na udongo kwenye mtaro, tukapita palepale njiani. Nilimheshimu sana. Ukiangalia vizuri utaona alama za tairi za zamani zilizogeuka mifereji: nyasi zikishakufa, udongo ule wa kichanga hauna cha kuushika, na maji ya mvua yanafuata palipopita gurudumu. Udongo unaoporomoka unaishia kwenye mashamba ya watu. Wanaopanda miteremko ile kwa pikipiki na magari ili wapate video, nawaomba waache kabisa.

Kasoro zipo. Waliotukodisha walitaja laki tatu kwa siku, dereva ndani yake, lakini habari ya mafuta kuwa juu yetu tuliisikia asubuhi ya safari. Tairi ya spea ilikuwa kipara. Pampu ya kurudisha upepo haikuwemo, ikabidi turudi polepole kwenye tairi laini mpaka kwa fundi Newala mjini. Kwa gari la kazi hiyo, hilo halikubaliki.

Nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Na kabla hamjalipa, fungueni mlango wa nyuma mhakikishe jeki, koleo, kamba ya kuvutia na pampu vimo, kisha muulize ni dereva gani anakwenda nanyi.