Mtoto peke yake kwenye ndege, KIA hadi Dar: angani safi, chini bado

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: huduma ya kumsafirisha mtoto peke yake kwa ndege za ndani inafaa, na ningeilipia tena, ila ujue unacholipia ni makabidhiano, si yaya. Mimi ni nesi mstaafu wa wodi ya watoto. Wodini hatari kubwa iko pale zamu mbili zinapoachiana mgonjwa bila kuambiana lolote, na kwa jicho hilohilo ndivyo nilivyoikagua safari ya mjukuu wangu, kutoka kwangu Rau hapa Moshi, kupitia KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda kwa baba yake Dar, likizo ya Juni.

Shirika silitaji. Yaliyonikera yapo, lakini mabinti wa kaunta nao ni watoto wa watu wanatafuta riziki.

Mjukuu ana miaka 9. Mashirika mengi hayapokei mtoto wa chini ya miaka 5 akiwa peke yake. Wa miaka 5 hadi 11 lazima aandikishwe kwenye huduma hii, na kuanzia 12 ni hiari ya mzazi. Usihangaike kukata tiketi hiyo kwenye simu, mtandao ukiona hakuna mtu mzima unakugomea. Nilikwenda ofisini kwao mjini. Nauli wakanitoza ya mtu mzima, yaani lile punguzo analopata mtoto akiwa na mzazi halipo, na juu yake ada ya huduma. Nilinuna, kisha nikalipa.

Fomu yao ni nzuri, na mimi fomu nazijua. Inataka jina la anayempeleka, jina la anayempokea, anwani, simu, namba za vitambulisho, na sahihi kila mtoto anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Mpokeaji ukimwandika "Baba Junia", mlangoni Dar hakuna anayemjua Baba Junia. Mtoto yeye anasafiria cheti cha kuzaliwa cha RITA. Ofisini waliniambia nakala moja inatosha. Kufika KIA wanataka nyingine, na mashine yao ya kutolea nakala imekufa. Binti wa kaunta akatoa simu yake binafsi akakipiga picha cheti. Hilo sikulipenda hata kidogo. Alipomaliza kutuma huko anakotuma nikamwambia, "Mwanangu, sasa ifute nikiona." Akaifuta, akafungua na kule zinakokaa picha zilizofutwa akaiondoa kabisa, kwa adabu. Lakini bibi asiyejua kwamba picha zina makaburi yake angeondoka tu.

Najua mtaniuliza kwa nini si basi. Sisi Moshi tumewapeleka watoto Dar kwa basi tangu zamani: unamtafuta kondakta unayemfahamu, unamkabidhi mtoto, unampa na ya soda, basi. Ni safari ya kutwa nzima, na siku hizi mwisho wake ni kituo cha Magufuli kule Mbezi, ambako mtu mzima mwenyewe anapotea. Kwa ndege ni kama saa moja hewani. Hata hivyo kondakta ana jambo moja ambalo shirika hili halina: anapiga simu. "Bibi, tupo Korogwe, mtoto amekula." "Bibi, tumepita Chalinze." Shirika la ndege, pamoja na ada yake yote, halikunipigia hata mara moja kuniambia mtoto ametua. Nilipata habari kwa mwanangu. Ujumbe mmoja wa simu ungewagharimu nini?

Mzigo nao uamue mapema. Mkungu wa mshare niliutuma kwa basi. Begi likishapokelewa kaunta, Dar litakuja kwenye mkanda, na mtoto wa miaka 9 hawezi kulishusha, wala mhudumu hakuajiriwa kubeba ndizi. Nilimpa begi dogo la mgongoni tu: nguo moja ya kubadili, sweta, chupa ya maji, kiswaswadu chenye vocha. Bastola ya plastiki niliikuta chini ya sweta usiku wa kuamkia safari. Nikaitoa bila mjadala, maana kwenye ukaguzi hakuna mtu mwenye ucheshi wa bastola.

Ukaguzi wenyewe tuliufanyia mazoezi sebuleni. Binamu yake alikuwa askari, beseni la plastiki likawa trei. Mkanda ndani, saa ndani, viatu ukiambiwa, mikono pembeni, pita kwenye mlango, subiri. Alipita mlango wa chumbani kwangu mpaka akachoka. Choo cha ndege nacho nilimweleza kabisa, kwamba mlango wake unakunjwa na sauti ya kuvuta maji ni ya kutisha lakini haimezi mtu. Nilishasikia mtoto aliyejibana njia nzima kwa woga wa ile sauti. Namba mbili za simu alizikariri kichwani, maana betri huisha na begi hupotea. Na tuliweka neno la siri, yeye na baba yake: mtori. Asiyelisema hamchukui, awe nani.

Kuhusu masikio naomba mnisikilize kama nesi. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna hewa, na njia yake ya kutokea ni mrija mwembamba unaofika nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mwembamba zaidi, na hufunguka anapomeza. Maumivu huja zaidi ndege inaposhuka, si inapopaa, kwa hiyo bigijii haina kazi kubwa pale KIA. Itunzwe mpaka rubani atangaze kwamba wanaanza kuteremka. Mjukuu alipewa mbili, na amri ya kunywa maji funda moja moja. Mtoto mwenye mafua yaliyoziba pua, ahirisha safari kama unaweza. Na wale mnaompa mtoto dawa ya mafua ya kusinzisha ili alale njiani, acheni. Aliyelala hamezi vya kutosha, na watoto wengine dawa hizo badala ya kuwalaza huwachangamsha wakapanda viti.

Siku yenyewe tulitoka Moshi mapema. Boma Ng'ombe foleni ya malori, tukakata njia panda ya KIA tukiwa na muda wa kutosha. Waliniruhusu kufika naye kaunta. Wakamvalisha mfuko wa nyaraka shingoni, nikatia sahihi, kijana mmoja mwenye kizibao cha kazi akamshika mkono. Mpaka hapo nawapa maksi zote. Kisha kijana akaniambia, "Bibi unaweza kwenda sasa." Siendi. Anayempeleka mtoto anatakiwa abaki uwanjani mpaka ndege ipae, kwa sababu ndege ikiahirishwa mtoto anarudishwa kwako, na kama umeshafika Boma watamrudisha kwa nani? Hili walipaswa kuniambia wao, si mimi kuwaambia.

Na kweli ndege ikachelewa, zaidi ya saa nzima. Hapa ndipo huduma ilipopwaya. Kijana wa kizibao aliitwa foleni nyingine, mjukuu akaachwa kwenye kiti karibu na mlango wa kutokea. Hakumwachia mwenzake wala hakumwonyesha mtoto nani wa kumuuliza. Nilipompigia mjukuu akapokea kwa sauti ya mtu mwenye shughuli: "Bibi, nimemshikia dada mmoja chupa ya mtoto wake, nitakupigia." Yule dada, asiyelipwa senti, ndiye aliyemlea saa ile. Mungu ambariki. Wodini, nesi akiacha kitanda hivyo anaitwa ofisini kwa metroni asubuhi ileile.

Ndani ya ndege sina lawama. Walimpandisha kabla ya wengine, kiti cha nyuma karibu na wahudumu, dirishani, kushoto kama nilivyoomba ofisini. Ukitoka KIA kwenda Dar, mlima huwa upande huo. Ndege ilikuwa ya pangaboi, mabawa juu, kwa hiyo hakuna kinachoziba dirisha. Aliniambia mawingu yalifunika kila kitu na Kibo peke yake imetokeza, na kwamba alimwonyesha mhudumu nyumba ya bibi yake, ambayo kwa wakati huo ilikuwa chini ya mawingu na nyuma ya ndege. Juisi alipewa mara mbili. Masikio yaliuma kidogo tu.

Dar ndipo waliponifurahisha, ingawa mwanangu hakufurahi. Alibanwa kazini, akamtuma shemeji yake kwenda kumpokea mtoto. Mhudumu akaangalia fomu, akaangalia kitambulisho, jina silo. Akakataa. Shemeji akaonyesha picha za familia, akampigia mwanangu akamweka kwenye spika, bado akakataa. Akamgeukia mjukuu: unamfahamu huyu? Mjukuu akajibu, "Ni mjomba wangu, lakini hajasema neno." Mjomba hana habari ya neno lolote! Ikabidi ofisi yao ya Dar inipigie mimi niliyesaini fomu, nitaje jina kamili na namba ya kitambulisho cha mpokeaji mpya, na KIA wathibitishe. Mjomba alisubiri karibu nusu saa akitokwa jasho la Dar. Mwanangu akanipigia akilalamika kwamba wanasumbua watu. Nikamwambia wasingemsumbua ningekwenda kuwasumbua mimi.

Kurudi, mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa upole. Mhudumu alimleta mpaka mlangoni mkononi mwake, akakisoma kitambulisho changu akanitazama, akakisoma tena. Kwenye ile picha nywele zangu bado nyeusi. Mjukuu akamwambia, "Ni yeye, amezeeka tu." Nikasaini.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu kati ya tano. Moja nimeinyima kwa ile saa ya kuchelewa, nusu kwa simu ambayo haikupigwa. Asiyefaa huduma hii ni mtoto anayelia kwa mtu mgeni, hata kama umri umefika, na mwenye dawa za saa maalumu, kwa sababu wahudumu hawatoi dawa.

Desemba sitaihitaji, baba yake atapanda mwenyewe kuja Krismasi kama Wachaga wote. Nyakati hizo anayemteremsha mtoto Dar hupata nafasi kirahisi, kwa kuwa umati unakuja huku. Anayemleta Moshi aende ofisini Oktoba, na kabla ya kulipa aulize kama ndege hiyo bado ina nafasi ya mtoto wa peke yake, maana mashirika huweka kikomo cha watoto wa aina hiyo kwa kila safari, na kiti kuwepo hakumaanishi nafasi hiyo ipo.