Hosteli ya Bangkok iliyopima nguo zetu kwenye mizani ikasema hamna kilichopotea

Nyota mbili. Moja ya AC, maana usiku ilikuwa inapuliza mpaka unatafuta shuka la pili, na moja ya yule mama anayefagia ngazi. Jina la hosteli sitaji msije mkanifuata inbox, ila iko huko huko Banglamphu kwenye vichochoro vya nyuma ya Khao San, ule mtaa wa watalii, ambako kila mlango ni hosteli au mtu anakanda watu miguu.

Hela ya kitanda sina ugomvi nayo, dabodeka lina pazia, lina sehemu ya kuchajia simu, choo kisafi, vua viatu mlangoni, sawa. Ugomvi wangu ni kufuliwa nguo. Najua kuna mtu atasema eti umeenda mpaka Thailand unakuja kulalamikia dobi, ndiyo, nalalamikia dobi.

Tulikuwa kundi la washikaji, mabegi mgongoni, tumetoka Chiang Mai na treni ya usiku. (Siku hizi treni za masafa marefu zinaishia Krung Thep Aphiwat, ile stesheni mpya kubwa kama uwanja wa ndege, sio ile ya zamani ya Hua Lamphong tena, tangu mwanzoni mwa 2023, msipotezane.) Sasa mtu wa begi la mgongoni anakuwa na nguo ngapi? Na joto la Bangkok tunaotoka Dar tulidhani tunalijua, aisee, fulana unavaa asubuhi mchana unaikamua. Kwa hiyo tulivyoona pale mapokezi wameandika wanafua baht 50 (hela yao) kwa kilo tukashukuru Mungu, tukajaza nguo za wote kwenye mfuko mmoja, kijana wa mapokezi akapima, akaandika kilo nne na kidogo, akatupa kikaratasi, njooni kesho jioni.

Kesho jioni ikawa keshokutwa asubuhi, hiyo nimesamehe. Mfuko ukaja, nguo zimekunjwa vizuri mno, zinanukia, tukaanza kugawana. Suruali nyeusi ya jamaa yetu haipo. Jezi yake ya Yanga haipo. Badala yake kuna soksi tusizozijua, taulo dogo la mtu, na sidiria ambayo dada wa kundi letu aliinyanyua kwa vidole viwili akasema hii hata nikizaliwa upya hainienei.

Tukashuka mapokezi kistaarabu kabisa. Kijana akasikiliza, anatabasamu, akachukua ule mfuko akaurudisha kwenye mizani. Kilo nne na kidogo. Akageuza kile kikaratasi atuonyeshe, kilo nne na kidogo. Uzito ni ule ule, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Yaani alimaanisha! Mimi nimeshabishana na makonda wa daladala, nimeshabishana na wauza simu wa Kariakoo, lakini hoja kama hii sijawahi kupambana nayo, nilikosa pa kuanzia. Dada akamwekea ile sidiria juu ya kaunta akamuuliza hii ni ya nani kati yetu hapa. Akaiangalia, akatabasamu tena, akasema ni safi.

Na kwa nini suruali ilikuwa muhimu hivyo? Kwa sababu siku hiyo ndiyo tulipanga Grand Palace, kasri la wafalme, na pale hawana utani, kaptula hapana, mabega wazi hapana, nguo iliyochanika hapana. Kiingilio baht 500 kwa mgeni, na tiketi mwisho saa tisa na nusu alasiri. Jamaa alibaki na kaptula tupu. Ikabidi akanunue zile suruali za tembo za Khao San, unazijua, nyepesi zenye picha za tembo, kila mgeni anayo. Sasa jamaa yetu ni mrefu na ana mapaja, tukapanda boti pale Phra Athit, ile ya bendera ya machungwa ambayo nauli ni moja uende karibu uende mbali (boti tamu sana, foleni yote ya mjini unaikwepa, upepo wa mto unakupiga, wekeni kwenye ratiba), tukafika Tha Chang, akanyanyua mguu kuvuka toka kwenye boti kwenda gatini, tukasikia kraaa. Tembo wamepasuka katikati.

Kurudi kutafuta nyingine, kuuliza bei, kujaribu, jua linawaka, dada anacheka mpaka anakaa chini, mwenye suruali hacheki, mpaka tumerudi upande wa kasri saa tisa na nusu imepita. Pale nje akatufuata mzee mmoja amevaa kitambulisho shingoni, akatuambia kasri limefungwa leo, ila ana tuktuk ya baht 20 atuzungushe. Huu ni uongo maarufu Bangkok nzima, wanakudanganya pamefungwa ili wakupeleke kwenye maduka ya vito wakubambikie, kila mtu anaonywa kabla hajapanda ndege. Na siku hiyo kwetu alikuwa anasema kweli! Nilitamani kulia.

Tukaenda Wat Pho pale jirani ambako wanachelewa kufunga, tukamuona Buddha aliyelala, mita 46, nyayo zake zimenakshiwa kwa ganda la chaza linalong'aa, ni kitu kizito kweli, unatembea unatembea bado hujafika miguuni. Ningefurahia zaidi kama nisingekuwa nawaza mizani.

Sasa sikilizeni. Usiku tunarudi hosteli, pale sebuleni kuna kijana wa kizungu amekaa anakula mkate wa 7-Eleven, kavaa jezi ya Yanga. Kijani na njano, Bangkok, saa nne usiku! Jamaa alisimama kama kaona jini. Yule kijana maskini hana kosa, ameikuta kwenye mfuko wake wa nguo akadhani hosteli wanagawa fulana, akaivua pale pale akatupa, akabaki kifua wazi na mkate wake, tukapeana mikono. Tukaipeleka mapokezi kama ushahidi, kwamba unaona, mnachanganya nguo za watu, basi itafuteni na suruali. Kijana wa mapokezi akaangalia jezi, akasema, "Unaona? Haijapotea."

Halafu akaongeza tupunguze sauti, watu wamelala.

Hapo ndipo na mimi nikachemka. Sikutukana, ila niliongea Kiswahili kwa muda mrefu kidogo. Akaninyooshea kidole tangazo la ukutani nyuma ya feni, maandishi madogo, hosteli haihusiki na upotevu wa nguo. Siku ya kupima halikuwa na haja ya kuonyeshwa hilo tangazo, siku ya kudai ndio linaonekana.

Aliyetuokoa roho ni yule mama wa ngazi. Kesho yake asubuhi, bila kuambiwa na mtu, alituletea gunia zima la nguo yatima za wageni waliopita, akaketi sakafuni na sisi tukachambua moja moja, hajui Kiingereza, sisi hatujui Kithai, kila suruali nyeusi anainyanyua anamuangalia jamaa, jamaa anatikisa kichwa. Haikuwepo. Alisikitika kuliko sisi. Kwa ajili yake ningetoa tatu, na eneo lenyewe linastahili, kutoka pale unatembea kidogo tu unaufikia msikiti wa Chakrabongse, kichochoro chake kina chakula halali kitamu, wali na kuku, hujiulizi ulizi mara mbili kuna nini kwenye sahani. Treni ya juu haifiki upande ule lakini boti ipo. Kwa hiyo tatu. Laleni pale, nguo fueni kwenye mashine za sarafu zilizopo mtaani, mkae nazo zikizunguka.

Ila nikikumbuka "unaona haijapotea" na lile tabasamu, hapana, moja. Naweka moja, na hiyo ni ya mama.

Na kama mwenye hosteli unasoma kwa kutafsiriwa: suruali ni nyeusi ya kitambaa, saizi 34, zipu ilibadilishwa na fundi Kariakoo ni ya kahawia haifanani. Bado tunaidai.