Nilienda kununua betri, nikauziwa waya

Nina Land Cruiser ya kukodisha, ile ya hema juu ya paa na friji nyuma. Ndani ya miaka miwili nimezika betri tatu za nyuma, zile za kulisha friji. Kila mara ni yaleyale: tunafika Seronera, katikati ya Serengeti, jioni friji inanguruma vizuri, saa nane usiku inakata, asubuhi nyama ya wageni inachuruzika maji na mimi naomba radhi kwa Kiingereza cha kubabaisha. Duka nililokuwa nanunulia mjini hawakuwahi kuuliza swali hata moja. "Hii imekufa bosi, chukua nyingine." Wananipa N70, betri ya kuwashia injini.

Safari hii dereva mwenzangu akanielekeza kwa fundi umeme wa magari pale Unga Limited, Arusha. Karakana haina bango, geti la bati tu, na mbwa kalala chini ya Coaster iliyoshushwa injini. Nikasema nataka betri. Akanijibu, "Kaka, hela yako iweke mfukoni kwanza. Washa gari."

Akaweka testa kwenye betri ya mbele, ya injini: volti 14.2. Akazunguka, akainua godoro, akapima ya nyuma: 13.1. Akaniita nione mwenyewe. Volti moja na ushee inapotelea njiani, na betri ya asidi isipofikishiwa volti 14 na kitu haijai hata ukiendesha kutwa. Sahani zinashika chumvi, inagandia humo mpaka betri inakufa. Kumbe miaka yote hiyo nazilaza njaa.

Waya wa kuchajia betri ya nyuma ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, huu wa soketi za nyumbani. Ethi nayo ilifungwa juu ya rangi. Alipofungua ile bolti tukakuta unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akavuta waya wa 16 kutoka mbele, akaweka fyuzi upande wa mbele tu. Nikamuuliza, na nyuma je? Si huko nako kuna betri, waya ukichubuka moto, yaani umeme, utatoka pande zote mbili? Akacheka, akaongeza ya pili, akaniongezea na elfu nane kwenye bei.

Kuhusu betri, mimi nilikuwa nimeshajiaminisha lithiamu. Akanipigia hesabu juu ya boksi la fyuzi: friji yangu inavuta ampea 4 ikiwa kazini, na kwa joto la kule inafanya kazi kama nusu ya siku, weka taa na simu, unafika ampea-saa 50 hivi. Betri ya AGM, yaani ya asidi iliyofungwa kabisa, ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inanitosha siku moja kasoro pumzi. Lithiamu ya 100 ingenipa 80 na zaidi, tena kwa kilo 12 badala ya karibu 30. Lakini inakunywa moto kwa pupa, inaweza kuunguza altaneta, hivyo lazima ununue na chaja yake ya kukaa katikati ya altaneta na betri, ya kupunguza huo umeme. "Wewe unaendesha kila siku. Ungekuwa unapiga kambi siku tatu bila kuwasha gari, ningekwambia ujipinde." Nikachukua AGM. Haina maji ya kumwagika, na wageni wanalala juu yake.

Malalamiko yapo. Aliniambia saa mbili, nikakaa saba, kiti chenyewe tairi. Risiti nilidai mara tatu, ikaja kwenye kipande cha boksi.

Tangu hapo nimeshapanda Ngorongoro na kuteremka Seronera mara nne. Asubuhi napima kabla sijawasha gari: 12.3, na maziwa ya baridi.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, foleni yake ni ya Noah tupu. Na ubebe kiti.