TAHADHARI: Yule muuza ringi mwenye sumaku

Jamani, chekeni kisha nisomeni. Mnaojua lile shimo la njia ya Fumba mnajua ringi ya nyuma ya baiskeli yangu ilikuwa imeshakufa, habu, kile kitovu cha gurudumu, ikabaki nzima. Nilitaka ringi tu, ya saizi ya 700C, matundu 36 ya spoku.

Jumamosi baada ya laasiri nikafika sokoni Darajani. Yule muuza ringi akanipa kigoda, akaagiza kahawa. Akaniuliza: matundu mangapi, na ni 622 (hiyo ndiyo 700C, kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa) au 630? Maana, anasema, watu huuziwa 630 za baiskeli za zamani, wakifika nyumbani tairi ya 700C haiingii hata kwa nyundo. Na ni kweli kabisa! Sasa mtu anayekuonya usitapeliwe utamshuku vipi?

Akachomoa ringi kwenye nailoni, nyeusi, inang'aa, stika ya Mavic. "Mpya hii shekhe wangu, ya Ufaransa." Nikahesabu matundu, 36. Nikasoma 622 iliyogongwa. Halafu akatoa sumaku mfukoni. Wallahi ile sumaku naiona mpaka leo. Akaigusisha kwenye ringi, ikaanguka. Akaigusisha kwenye ringi ya Phoenix iliyotundikwa pembeni, ikashika. "Unaona? Alumini tupu, si chuma." Watu watatu wanne wameshasimama wanatazama, na mie natikisa kichwa kama mjuzi. Nikatoa 90,000 bila kuomba apunguze hata mia. Mie, ninayevutana na muuza mchicha!

Nani alimwambia nina shaka kama ni chuma?

Spoku zangu alizosema "zitaingia zile zile" zikawa fupi, nikanunua nyingine 36. Fundi wangu alikuwa harusini Pemba, spoku nikafungiwa, yaani nikasukiwa gurudumu, na kijana wake. Siku ya tatu, karibu na Mtoni, upepo nimejaza paundi 100, daladala ikasimama ghafla mbele yangu. Nikabana breki. PA! Ukuta wa ringi umefunuka kama ganda la muhogo, tyubu imechungulia nje, mie niko mchangani na abiria wote wamegeuza shingo. Goti bado bichi.

Fundi aliporudi hakuuliza kitu. Akapitisha ukucha ubavuni pale breki inapobana: kumebonyea. Ringi imeliwa na breki miaka, ikapigwa msasa na rangi juu. Ukuta umebaki mwembamba, upepo unausukuma kutoka ndani, lazima upasuke. "Ulishindwa kunisubiri siku nne?" Bora angenitukana.

Nikamrudia yule bwana. Hanijui! Eti nioneshe risiti. Sumaku iko palepale mezani.

Basi mkinunua, wekeni rula ubavuni, mpya huwa imenyooka. Tazameni na matundu, kama nipeli, zile nati za spoku, zimeacha mikwaruzo imeshasukwa hiyo. Na rangi mbichi pale pa breki, ondokeni. Yapo na mengine, fundi aliyasema, lakini nilikuwa na hasira sikuyashika.

Nimeshakwenda kwa sheha, nitakwenda na polisi. Anyang'anywe meza! Avishwe ringi zake shingoni azungushwe soko zima! Au la, tumfungie ringi kama ile aliyoniuzia, paundi 100, ateremke nayo kilima cha Masingini huku kabana breki. Mie nitamsubiri chini, na sumaku yake mkononi.