Kozi ya kupambanua wito wa umisionari: yafundisha kusubiri, kisha yaharakisha jibu

Kozi hii hutolewa kwa njia ya intaneti na shirika moja la kimisionari, na imekusudiwa Wakristo wanaojiuliza kama kweli Mungu anawatuma kuipeleka Injili mbali na kwao. Mshiriki hupewa masomo ya Biblia ya kila juma, mlezi wa kuzungumza naye, na dodoso la kujazwa na watu wanaomfahamu vizuri, akiwemo mchungaji au padri wake. Nimeimaliza, na naiona kuwa kozi nzuri iliyoharibiwa kidogo na kipindi chake cha mwisho.

Ubora wake mkuu ni kwamba inamtoa mtu katika mazoea ya kuuhesabu wito kuwa siri yake na Mungu, isiyomhusu mwingine yeyote. Masomo yanaanzia Matendo 13, ambako viongozi watano wa kanisa la Antiokia wako katika ibada na kufunga, ndipo Roho Mtakatifu anaposema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Agizo hilo hawapewi wasafiri wawili faraghani, bali linatolewa mbele ya wenzao, nao wanafunga na kuomba tena kabla ya kuwawekea mikono na kuwaacha waende. Habari za Sauli kulichukua jina la Bwana mbele ya Mataifa zilikuwa zimetajwa tangu Dameski, katika Matendo 9:15, na bado safari hii ilisubiri kanisa. Mlezi wangu alilikazia jambo hilo kwa subira, na kila nilipotaja msukumo wa moyoni aliniuliza ni nani mwingine aliyeuona.

Somo la Matendo 16 nalo limeandaliwa kwa ustadi. Paulo, ndiye Sauli yule, anazuiliwa kuhubiri Asia, jimbo la Kirumi la wakati huo, anazuiliwa kuingia Bithinia, kisha akiwa Troa anaona maono ya mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Lakini anapofika Filipi, wa kwanza kutajwa kuupokea ujumbe wake ni Lidia, mwanamke mfanyabiashara aliyetoka Thiatira, mji wa Asia ileile. Kwa hiyo maono yalimwonyesha Paulo upande wa kuelekea, bila kumchorea sura za watu atakaowakuta. Kwa anayesubiri kuelezwa kila kitu kabla hajapiga hatua, somo hili lina thamani kuliko hotuba nyingi.

Dodoso ni fupi na halina huruma: je, mtu huyu humaliza kazi anayoianza, hupokeaje maonyo, huishije na waliomkosea, ana madeni? (Swali la madeni peke yake linaweza kuahirisha safari nyingi za kimisionari.)

Kuhusu familia kozi inapita juu juu, na hapo sikuridhika. William Carey, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza, anatajwa kwa safari yake ya mwaka 1793 kwenda India na kwa kazi yake ya kutafsiri Biblia, lakini mkewe Dorothy hatajwi hata mara moja. Dorothy alikataa kwanza kuondoka Uingereza, akakubali dakika za mwisho kwa sharti kwamba dada yake afuatane nao. Mtoto wao Peter alifariki mwaka 1794, na baada ya hapo Dorothy alipatwa na maradhi ya akili ambayo hakupona hadi kifo chake mwaka 1807. Kozi inayodai kumsaidia mtu kupambanua wito haina haki ya kuyaacha haya, kwa kuwa mwenye mke au mume hapambanui kwa ajili ya nafsi yake tu.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni ile ya mwisho. Katikati ya kozi tunafundishwa, kwa kumfuata Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kutambua nyakati za faraja na nyakati za ukiwa rohoni, yaani za ukavu na giza moyoni, na kwamba mtu asibadili uamuzi wake wakati wa ukiwa. Ignatius huyohuyo alimwonya pia kiongozi wa mafungo ya kiroho asimruhusu mtu mwenye faraja na ari kubwa kuweka ahadi au nadhiri ya haraka, na onyo hilo halimo katika masomo. Badala yake, kipindi cha mwisho cha kozi kinajaa nyimbo, shuhuda na maombi mazito, kisha papo hapo inaletwa fomu ya kuahidi utumishi wa muda mrefu. Shirika linahitaji watenda kazi, jambo ambalo si dhambi, lakini haliwezi kuwa mpambanuzi na mwajiri kwa saa ileile.

Naipendekeza kwa mtu ambaye tayari ana kanisa linalomjua na kiongozi aliye tayari kumpinga. Aliye na mwenzi wa ndoa aombe wasome pamoja tangu juma la kwanza, jambo ambalo shirika huruhusu lakini halitangazi. Fomu ile huweza kutumwa baadaye, na mlezi wangu hakuona ubaya nilipomwambia kwamba kwanza nitaipeleka kwa wazee wa kanisa.